Nyumba ya Bibi Giok

Kabla sijastaafu nilikuwa fundi wa nyumba, na katika maisha yangu yote ya ufundi hakuna nyumba yangu hata moja iliyosimama. Usicheke. Zote ziliteketea kwa moto, tena wenyewe wakanishukuru na kuniletea machungwa.

Nilikuwa najenga nyumba za marehemu. Fito za mianzi, karatasi za rangi, gundi ya unga wa mchele. Duka lilikuwa kichochoroni, nyuma ya hekalu, hapa hapa mjini Tainan. Mtu akifa, wanawe wanakuja kuagiza. Siku ya kumaliza matanga nyumba inabebwa hadi uwanjani, inatiwa moto, na moshi wake ukiisha, marehemu huko aliko anafungua mlango na kuingia kwake. Ni kazi safi. Ina raha ambayo fundi wa matofali haipati hata akiomba: hakuna mteja anayerudi kukwambia paa linavuja. Mtaani waliniita Khu Gundi, maana mikono yangu ilinata kiasi kwamba mwaka mpya nikimpa mtu mkono, tunaachanishwa kwa maji ya moto.

Basi siku moja akaingia mzungu mrefu, akapiga kichwa kwenye kizingiti cha juu, akasimama katikati ya nyumba zangu macho yamemtoka. Alikuwa mgeni mtaani. Jina lake Kostin na mengine marefu yaliyofuata; sisi tulikata kipande cha mbele, tukamwita Ko, kikatutosha. Alikuwa msanifu majengo, mkimbizi kutoka Romania. Wapo wanaosema aliogelea kutoka kwenye meli ya mizigo mpaka bandarini Kaohsiung. Uongo. Alishuka ngazi kama watu wengine, ila mkononi alikuwa na rula tu. Sasa alikuwa anafundisha watoto kuchora katika shule moja ya jioni, na lugha yetu alikuwa anaizungumza kama mtu anayekula samaki wa miiba mingi, polepole lakini anameza.

"Kumbe nyinyi ni wenzangu!" akasema.

"Wenzako wa nini?"

"Wa kazi." Akainama mbele ya jumba langu la ghorofa tatu, lile lenye gari la karatasi uani na mbwa wawili getini. Akachungulia dirishani. Akazunguka nyuma. "Choo kiko wapi?"

Mke wangu, Siu-kim, alikuwa anakunywa chai. Ilimtokea puani.

"Rafiki yangu," nikasema, "hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika."

"Hiyo haina maana hakuna kosa. Na hii ngazi inakwenda wapi? Imeishia ukutani!"

Nikaichungulia. Kweli ilikuwa imeishia ukutani. Nyumba ya namna ile nilikuwa nimeshawauzia watu wengi mno, na wazee wangu mwenyewe niliwachomea hiyo hiyo.

Tangu siku hiyo akawa haondoki. Akitoka kufundisha anapitia kwetu, Siu-kim anampa bakuli la uji wa samaki, naye anakata karatasi huku anaongea. Na katika kuongea ndipo tulipojua yaliyomleta. Kwao, mkubwa wa nchi aliamua kubomoa mitaa ya zamani ili apitishe barabara pana. Wasanifu wakaitwa, kila mmoja akawekewa ramani na kalamu, atie sahihi mtaa uvunjwe. Kwenye ramani ya Ko ulikuwemo mtaa wa mama yake, na nyumba ambayo baba yake aliijenga kwa mikono yake, yenye mti wa plamu uani na jiko la vigae vya kijani. Hakutia sahihi. Akafukuzwa kazi, jina lake likafutwa kwenye majengo yote aliyoyachora, na mtaa ukavunjwa vilevile, kwa sahihi ya mwingine.

"Nataka kitu kimoja kabla sijafa, Kaka Khu," aliniambia akiwa na gundi mpaka kwenye nyusi. "Nichore nyumba moja isimame. Hata banda la kuku. Nipite barabarani niseme, lile, lile langu."

Nikamwambia Mungu mkubwa. Sikuongeza neno. Na mtu asinilaumu leo: duka lilijaa nyumba za karatasi mpaka kwenye dari, na mtoto wa kunyonya wa Tainan anajua zinakokwenda. Nani anamkalisha mtu mzima kumweleza kuwa maji yanalowesha?

Lakini yeye alikuwa hajui. Alikuwa anadhani sisi tunatengeneza mifano. Kwa wasanifu ndiyo desturi: kwanza unajenga kadogo, ka karatasi, mteja akatazame, akaguse, aseme sawa, ndipo matofali yanafuata. Alikuwa anaona nyumba zinatoka kwangu zimebebwa juu ya mkokoteni, naye anajisemea, mji huu watu wake wanajenga sana.

*

Hapo ndipo Bibi Giok alipofariki.

Mwanawe, Tan Bun-hok, mwenye kiwanda cha mipira ya samaki, ile ya kutia kwenye supu, kando ya mfereji, alikuja dukani na kipande cha gunia cha msiba kimebanwa begani, amefuatana na dada yake, Siok-hun. Siok-hun ni mwanamke ambaye ukimsalimia anakuuliza una maana gani.

"Mjomba Khu," Tan akasema, "Mama amenijia ndotoni. Amesimama barabarani, viatu mkononi. Nikamwuliza, Mama, mbona huvai? Akasema, nitavaaje, sijui pa kuvivulia."

"Maisha yake yote ameishi kwenye nyumba za watu," Siok-hun akadakia. "Kwa mama mkwe. Kisha stoo ya kiwanda, analala na masanduku ya samaki. Kisha kwa huyu hapa, ghorofa ya tatu, na magoti yale! Mara hii apate yake. Wala usituletee lile jumba lako la maonyesho, Mjomba. Gari la nini? Mama gari linamtapisha."

Ko alikuwa amekaa pembeni na mkasi. Akasimama. "Magoti yalikuwa yanamuuma kupanda au kushuka?"

Tan akamtazama. "Kushuka zaidi."

"Alikuwa anapenda kukaa wapi jioni?"

Ndugu wawili wakatazamana, kama watu walioulizwa rangi ya macho ya mama yao. "Mlangoni," Siok-hun akasema, sauti imeshuka. "Anamenya kitunguu saumu huku anasema watu."

Ko akaenda kwao, akakagua kiti cha marehemu, akapima urefu wa kitanda, akauliza alikuwa analala ubavu gani. Kisha akachora. Ndugu yangu, nimeona michoro mingi, ila ule ulinifanya nijione nilikuwa nauza maboksi. Nyumba ya chini, haina ngazi hata moja. Baraza pana, na benchi la kuvulia viatu, kimo chake kimepimwa kwa magoti yale. Jiko ambalo mtu anaweza kupika amekaa na bado akaona nani anapita barabarani. Chumba chake, na chumba cha pili cha mgeni. Na choo, bila shaka. Tan alipouona alilia mpaka akauloweshea kona.

Sasa sikia kosa lilipokaa. Ko alijua vizuri kwamba Bibi Giok amefariki. Lakini kwao, ukimjengea marehemu, unajenga kwa mawe, ili walio hai wapite waone na kumkumbuka. Kwetu unamjengea ili akae. Kwa hiyo yeye alikuwa anadhani watoto hawa wenye pesa na uchungu wanataka kuinua nyumba ya ukumbusho, na mimi natengeneza mfano wake. Alipoambiwa shughuli itakuwa kwenye uwanja mtupu nyuma ya kiwanda, alikwenda kuupima. Alisimama pale tangu asubuhi, akifuata kivuli chake kama kuku anayefuata mchwa, ajue jua linavyozunguka. Tan alimwona kutoka dirishani akaniambia, "Yule mzungu anamcha Mungu kuliko sisi."

Tuliijenga sote watatu, mimi, Siu-kim na yeye. Ilipokamilika ilikuwa na kimo cha kifua cha mtu, na ukichungulia ndani ulitamani kufa mapema. Ko aliweka hata vitunguu saumu vya karatasi kwenye sinia, mlangoni.

"Hii itasimama," alisema. Nami nikaitikia, itasimama, maana itasimama kweli, huko iendako.

*

Siku ya kumaliza matanga alikuja amevaa suti yake moja, na mfukoni chupa ndogo ya pombe ya plamu ya kumwagia msingi. Alikuwa anatafuta koleo kwa macho. Hakuona koleo. Aliona kuhani na kengele yake, wapiga tarumbeta, meza ya matunda, na nyumba yake katikati ya uwanja, juu ya kilima cha pesa za karatasi, zile za kuchomewa marehemu.

Familia ya Tan ikaizunguka na kamba nyekundu, kila mtu ameishika. Ni lazima. Kuna marehemu wasio na watu wa kuwatumia chochote, wanazurura barabarani, na nyumba mpya ikishuka bila kamba wanaivamia kabla mwenyewe hajafika. Kamba haiachwi mpaka jivu lipoe. Utotoni nilisikia habari za familia iliyoiachia kidogo tu, ili mtu apige chafya, na babu yao analala kibarazani kwake mwenyewe mpaka leo.

Kuhani akasoma hati ya nyumba, akataja jina la Bibi Giok. Tan akapiga kiberiti, akakitupa.

Mianzi mikavu haibembelezi. Moto ulikamata jiko, ukapanda paani, na ndipo niliposikia sauti nyuma yangu, sauti ya mtu aliyechomwa kisu. Ko alinipita. Alipita kamba kama ng'ombe anavyopita uzi wa buibui. Shangazi mmoja wa Tan alikwenda nayo hatua kadhaa kwa sababu hakutaka kuiachia. Mzungu wa watu akaingia kwenye moto na miguu yake mirefu, akaikumbatia nyumba kwenye baraza, akaivuta nje, akavua koti na kuanza kuupiga moto, pa, pa, pa, huku anapiga kelele kwa lugha ya kwao.

Moto ukazima. Tarumbeta likakatikia katikati ya pumzi. Hata mbwa wa kiwandani, ambao hawajawahi kunyamaza tangu wazaliwe, walinyamaza.

Jiko halikuwepo. Nusu ya paa haikuwepo. Kamba nyekundu ilikuwa imelala kwenye majivu kama utumbo wa samaki.

"Kamba," akasema shangazi, kwa sauti ndogo kabisa. "Kamba iko chini."

Hapo uwanja mzima ukalipuka.

"Ameiba nyumba ya Mama!" Siok-hun akalia. "Mwizi! Mwizi wa maiti! Shikeni kamba! Wataingia! Wameshaingia!"

"Mnachoma!" Ko naye akapiga kelele, nyusi zimeungua, machozi yanachora njia kwenye masizi. "Mnachoma kwa nini? Hata hamjajenga!"

Tan alikuwa ameganda na boksi la kiberiti mkononi. "Tujenge nini, Mwalimu?"

"Nyumba!"

"Nyumba si hiyo umeikumbatia?"

Ko akatazama alichokikumbatia. Akatutazama sisi, mmoja mmoja, na alipofika kwangu ndipo nilipoelewa. Siku zote zile alizokula uji wangu! Alikuwa anangoja matofali.

"Kaka Khu," akasema. "Hakuna nyingine?"

"Hakuna nyingine, ndugu yangu. Ni hii."

"Na zile zote za dukani?"

"Zote."

Akakaa chini. Mtu mrefu akikaa ghafla namna ile unasikia kama ngazi imeanguka. Alikuwa bado ameshika nguzo moja ya baraza, na hakuna aliyethubutu kumwambia aiachie.

*

Kuhani wetu alikuwa mzee mwenye ubaridi wa chura. Akatia kengele kibindoni, akatoa vile vibao viwili vya kuulizia, vyenye umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa na mwingine umebinuka.

"Msigombane juu ya kichwa cha mwenye nyumba," akasema. "Tumuulize yeye."

Nyote mnajua vinavyosema: kimoja bapa kimoja mbinuko, ndiyo, vyote mbinuko, hapana, vyote bapa, anacheka.

"Bibi Giok, nyumba umeipata?"

Vikaanguka. Hapana.

"Unataka watoto wakuagizie mpya?"

Hapana.

"Unataka hii hii?"

Ndiyo.

"Hii hii!" Siok-hun akashika kichwa. "Haina jiko! Nusu majivu, nusu mzungu!"

"Labda anamtaka na mchoraji wake," akasema binamu mmoja, mlevi, ambaye kila familia inaye.

Alitania. Lakini mbele ya marehemu neno likishatoka limetoka, lazima liulizwe. Watu wakarudi nyuma, wakamwacha Ko peke yake katikati. Siu-kim akanibana mkono mpaka leo nina alama.

"Bibi Giok. Unamtaka huyu mtu?"

Vibao vikaanguka, vikazunguka kama sarafu, vikatulia. Vyote bapa.

"Anacheka," akasema kuhani, akafuta jasho. "Hatujauliza vizuri."

Tan akasogea. "Mama, unataka Mwalimu Ko aiwashe kwa mkono wake?"

Ndiyo. Wakarudia kwa uhakika. Ndiyo.

Wakamweleza Ko, kila mtu kwa mpigo, mpaka akaelewa. Tan akamnyooshea kiberiti kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni chai. Ko akatikisa kichwa.

"Siwezi. Kwetu walinipa kalamu nibomoe, sikuishika. Nyinyi mnanipa kiberiti." Akaikaza mikononi ile nguzo ya baraza. "Nyumba yangu ya mwisho. Nyingine zote wamenifutia. Ikiondoka hii sina kitu hapa duniani, Bwana Tan. Siwezi."

"Sisi hatubomoi, Mwalimu," Tan akasema. "Mama amesimama barabarani. Jua likizama matanga yamekwisha, na hapokei tena."

Jua lilikuwa limeshaegemea paa la kiwanda. Nilimwona anatazama nyumba, ule upande uliobaki, benchi la viatu lililopimwa kwa magoti ya mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Na sijui ni kwa nini, pengine ni kwa kukosa la kumtukana, Siok-hun akamchuchumalia mbele. "Wewe. Mama yako yuko wapi?"

"Amefariki. Walipovunja nyumba wakampandisha ghorofa ya nane. Hakumaliza hata msimu wa baridi. Nilikuwa nimeshakimbia. Sijui hata wamemzika wapi."

"Na hukumtumia kitu?"

"Ningemtumiaje?"

Siok-hun akasimama taratibu. "Kwa hiyo na yeye yuko barabarani," akasema.

Uwanja ukavuta pumzi kwa pamoja. Si neno la kumwambia mtu, hilo. Hata adui humwambii. Mama asiye na nyumba huku, asiye na nyumba kule, asiye na wa kumshikia kamba! Siu-kim aliziba mdomo. Na Ko, ambaye lugha yetu alikuwa anaimeza na miiba, hilo lilimwingia bila mwiba hata mmoja. Alitazama barabara ya kando ya mfereji, hivi, kama mtu anayetafuta uso katika umati. Nami, mungu anisamehe, nikatazama pia.

Kisha akasema, "Nyumba ina vyumba viwili."

Siok-hun ndiye aliyeelewa kwanza.

"Nini?" Siok-hun akaruka. "Nini? Mama amebanana kwenye nyumba za watu maisha yake yote, leo apate yake, umletee mpangaji?"

"Mama yangu hali chakula kingi," Ko akasema. "Na anajua kushona."

"Lugha moja hawana!"

"Watafundishana. Muda wanao."

"Unaona!" Siok-hun akamgeukia kaka yake. "Bun-hok, sema kitu, usisimame kama mpira wa samaki!"

Tan akajikuna kichwa. "Si tumuulize mwenyewe, dada."

Vibao vikarushwa. Bibi Giok akacheka. Vikarushwa tena. Akacheka tena. Siok-hun akasema haya, mnaona, anawadhihaki. Vikarushwa mara nyingine, kimoja kikaanguka bapa, na kingine kikasimama kwa ubavu, naapa kwa mikono yangu, kikasimama kwa ubavu wake na kutazama watu, ndipo kikalala. Mbinuko.

Ndiyo.

Siok-hun akaviokota vile vibao, akamrudishia kuhani. "Basi," akasema. "Lakini jikoni asimpangie mambo."

*

Tulikuwa hatuna karatasi. Nilituma watu dukani wakaleta mabaki, na paa halikutosha, ikabidi Tan afungue stoo na kutoa mifuko ya kiwanda, ile yenye picha ya samaki anayetabasamu. Ko akapiga magoti kwenye majivu na mkasi wangu, akajenga upya. Sijaona mtu anajenga vile. Hakuwa na haraka na jua lilikuwa na haraka. Chumba cha pili akakitia dirisha kubwa zaidi. Jiko likarudi mahali pake, na kwenye kona akaweka jiko jingine dogo, la kuotea moto, kwa karatasi ya kijani ya majani ya chai, vigae vyake akavikata kimoja kimoja. Uani akachomeka kijiti, akakifunga vipande vyeupe. Nikamwuliza ni nini. "Plamu," akasema. "Imechanua."

Kuhani akaongeza jina la mama yake Ko kwenye hati: Paraskiva. Alimtajisha Ko mara nyingi, brashi yake ikahangaika, mwishowe akaandika alivyosikia, akasema mungu wa ardhi atamaliza mwenyewe.

Ko akamwaga pombe yake ya plamu kizingitini. Akapokea kiberiti. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikazimwa na upepo, au na mkono wake, sikuuliza. Ya tatu akaikinga kwa kiganja, akainama, akaiweka barazani, pale pale kwenye benchi la viatu.

Kisha akarudi nyuma, asijue asimame wapi. Siok-hun akamrushia kipande cha kamba. "Shika! Na wewe una mtu humu ndani. Ukiachia, nakutia humo humo."

Akashika. Moto uliopanda siku ile, watu wa mtaa wa pili walianua nguo zao, na ndege iliyokuwa inaelekea Manila, nasikia, ilizunguka mara moja ili abiria waone. Ko hakupepesa. Paa la samaki likajikunja, kigae cha kijani kikang'aa, mti wa plamu ukaondoka wa mwisho, mzima, ukielea na maua yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kamba ameishika kwa mikono miwili, na hata jivu lilipopoa ilibidi tumfungue vidole.

*

Baada ya hapo Ko hakuonekana. Siu-kim alipeleka uji, akaurudisha. Nikadhani tumempoteza. Nikasema mtu huyu tumemfanyia jambo ambalo hata yule mkubwa wao hakuliweza: tumemfanya achome mwenyewe.

Halafu asubuhi moja kizingiti changu kikapiga kichwa cha mtu. Ko. Hajanyoa, uso mweupe kama karatasi ya hati.

"Kaka Khu. Mama amekuja."

Nikaweka fito chini. "Ndotoni?"

"Amekaa kwenye benchi, anavaa viatu. Amenenepa. Anasema nyumba nzuri, jiko linawaka vizuri, ila paa linanuka samaki."

"Mungu wangu."

"Na anasema yule mwenye nyumba ni mtu mwema, lakini kwenye majong, ule mchezo wa vigae, anaiba. Anaficha kigae chini ya paja, halafu anajifanya goti linamuuma."

Brashi ya gundi ilinidondoka mguuni. Sikumwambia mimi kwamba Bibi Giok alikuwa anacheza. Tan hakumwambia, hajui hata mchezo wenyewe. Ko hakuwahi kumwona Bibi Giok akiwa hai hata siku moja.

Nyuma ya pazia kitu kikavunjika, na Siu-kim akatokeza, macho kama sahani. Alikuwa amecheza na Bibi Giok kila wiki tangu ujana wao. "Chini ya paja!" akapiga kelele. "Nilijua! Nilimwambia huyu, yule mwanamke goti lake linauma akikaribia kushindwa tu! Nilijua!" Akakaa chini, akaanza kucheka, kisha kulia, kisha vyote.

Mimi nilikuwa bado sijafunga mdomo. Miaka yote ile ya kazi, nyumba zote zile, na hii ndiyo mara ya kwanza neno kurudi. Mteja amelalamika. Ina maana wanaingia kweli. Ina maana wanatazama paa. Nikakumbuka ngazi zangu zote zilizoishia ukutani, na watu niliowauzia, na wazee wangu mwenyewe, na nywele zikanisimama.

Ko akatoa mchoro chini ya kwapa, akautandaza juu ya meza yangu, akaukandamiza kwa rula. Mistari ilikuwa imenyooka.

"Hawagombani," akasema. "Ila Mama anataka mlango wake. Nimeuweka upande wa plamu. Na paa jipya, la karatasi safi."

Nikautazama. Nikachukua mwanzi, nikaanza kuupasua, maana mikono yangu ilihitaji kushika kitu.

"Na choo?" nikamwuliza.

"Choo," akasema, "watatumia kimoja."